Taa Niliyoifunga Kofia Upande

Nilimwambia Padri, kanisa zima likisikia, apitishe kidole kwenye taa niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na kidole kikakwama.

Mimi ni seremala huku Kihagara, shule niliiachia kidato cha pili. Padri alitaka taa ya kuning'iniza. Akiipenda, natengeneza za kanisa lote. Nikaiga umbo nililoliona kwenye picha: miraba na pembetatu za pande sawa, zimeshikana mpaka zikawa kama mpira. Yaani aliyelibuni alikuwa na akili. Miraba imejipanga kama mikanda, na mkanda wowote ukiufuata unarudi ulikoanzia bila kugusa pembetatu.

Kofia ya juu, yaani mraba wa kileleni na vipande vinavyouzunguka, niliibandika mwisho. Ikakaa bila kuacha upenyo, nikajipongeza kwa soda.

Jumapili nikajitapa. "Baba, anzia mraba wa juu kabisa, shuka na mkanda wake. Utazunguka mpaka urudi hapo hapo, kama uzima wa milele."

Kidole cha Padri kikashuka, kikavuka kiuno cha taa, kikagota kwenye pembetatu.

"Mwanangu," akasema, "uzima wako ndio umeishia hapa?"

Watu wakacheka mpaka kwaya. Kumbe kofia nilikuwa nimeizungusha hatua moja, miraba yake ikaelekeana na pembetatu za chini, na bado ikaingia sawasawa. Hizo taa nyingine Padri akasema tusubiri kwanza.

Nje, rafiki yangu Kanisius, fundi wa kuchomelea mageti, akaikagua taa kila upande.

"Mimi nikikosea, geti halifungi," akasema. "Wewe umekosea na kila kipande kimekutana na mwenzake. Hebu nifundishe kukosea hivyo."