Mtoto Anayesema kwa Kisogo

Kwa miaka yote niliyomjua Mama Agathe Nabintu, sikumwona hata siku moja akimwuliza mteja swali huku akimtazama usoni. Yeye alikaa kwenye kiti, mteja akakaa chini kwenye mto, mgongo ukiwa umeegemea magoti yake, na maswali yote yaliulizwa utosini. "Bwana yako iko namna gani?" "Ule mutoto wa dada yako alipona?" Watu walijibu. Walimwambia mambo ambayo wasingethubutu kumwambia padri.

Alitoka Bukavu. Alifika Durban mwanzoni mwa mwaka 1997, akapata nafasi kwenye saluni ya Honoré katikati ya mji, kati ya duka la simu na fundi viatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, nikisoma chuo kikuu kule juu kilimani, na tulipanga katika jengo moja la Albert Park, yeye ghorofa ya nne, mimi ya sita. Alinisuka kila baada ya wiki sita. Sikuwa msemaji, na nadhani ndiyo sababu alinipenda. Nilikaa na kitabu changu mapajani, yeye akasimulia. Hivyo ndivyo nilivyopata kujua habari za Mireille.

Mireille Ninahazwe alikuwa Mrundi. Alipofika Durban alikuwa na miaka kumi, pamoja na shangazi yake, na wote wawili walilala nyuma ya pazia katika chumba alichopanga Agathe. Mama yake mzazi, Goreth, alikuwa amemwacha kambini Kigoma mikononi mwa huyo shangazi, akarudi ng'ambo ya mpaka kumtafuta mtoto wake mdogo wa kiume. Alisema atarejea baada ya wiki moja. Walimngoja miezi minane, kisha shangazi akaamua waelekee kusini. Kabla ya mwaka 1997 kwisha, shangazi alifariki katika hospitali moja hapa mjini.

Agathe alimwogesha mtoto, akampa uji, akamlaza kitandani kwake. Juma lililofuata alimpeleka shule. Kwa upande wake shauri lilikuwa limekwisha, maana mtoto aliyebaki mlangoni pako ni wako, na hakuna anayeuliza karatasi.

Karatasi zilikuja zenyewe. Hospitali ilitoa taarifa, na Madamu Nirmala, ofisa wa ustawi wa watoto, mama wa Kihindi mwenye sauti ya chini na mkoba uliojaa mafaili, akapanda ngazi za jengo letu. Mahakama ya watoto ilitoa amri kwamba Mireille alelewe na Agathe kwa miaka miwili, kisha shauri litazamwe upya. Agathe aliikunja ile amri akaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na sidhani kama aliifungua tena.

Miaka miwili ikapita. Oktoba 1999 Madamu Nirmala alikwenda shuleni kuandaa ripoti yake, na kutoka huko akaja moja kwa moja saluni. Mimi nilikuwa chini kwenye mto, kichwa nusu kimesukwa. Alisema Kiingereza, akaniomba nimsaidie.

"Mwulize kwa nini alibadilisha jina la mtoto. Shuleni ameandikwa Mireille Nabintu, na mama mzazi ni Agathe Nabintu."

Nilihisi vidole vya Agathe vikisimama kichwani mwangu.

"Sikubadilisha," alisema. "Nilimupatia. Batoto walikuwa wanamucheka, kwerekwere, ile tusi ya kutukana bageni, jina ya kwerekwere. Na ule mama wa ofisi aliniuliza, mama ya mutoto ni nani? Alors, nimuambie nini? Nimuambie hakuna? Nilimuambia ni miye."

Madamu Nirmala hakugomba. Alieleza taratibu, nami nikatafsiri. Amri ilikuwa imemkabidhi Agathe kazi ya kumlea mtoto, kumlisha, kumsomesha, kumpeleka kwa daktari. Haikumpa haki ya kumpa jina jingine. Mtoto ana haki ya jina lake tangu azaliwe, katiba mpya imesema hivyo, na halipotei kwa sababu analelewa na mtu mwingine. Mtu akiisoma rejista ya shule atadhani mtoto anafichwa. Basi kamishna, ndiye hakimu wa mahakama ya watoto, atataka kumsikia Mireille mwenyewe, akiwa peke yake, Agathe akiwa nje. Akiona mtoto hana uhuru wa kusema, anaweza kumhamishia kwenye makao ya watoto.

Peguy, kinyozi wa saluni, alikuwa amezima mashine yake asikilize. "Eish, Mama Agathe," alisema, "leo ni weye uko chini, unasukwa."

Hakuna aliyecheka. Peguy mwenyewe alijutia maneno yake, akaenda kufagia nywele ambazo alikwisha kuzifagia.

Ofisa alipoondoka, Agathe aliendelea kunisuka, lakini mistari ilikwenda upande. "Iko kitu moja," aliniambia. Nje ya kanisa lao kulikuwa na ubao ambapo watu wa Msalaba Mwekundu hubandika majina ya ndugu wanaotafutana. Mireille alikuwa anasimama pale kila Jumapili hadi watu wote wanaondoka, kisha analia njia nzima. Mwezi uliopita Agathe alimvuta mkono, akamkataza kuusoma ubao ule tena. "Nilisema itamuumiza bure. Sasa atamuambia kamishna: huyu mama ananikataza kutafuta mama yangu. Na ni kweli. Watamutosha kwangu, watamubeba, Scola."

"Labda hatasema."

"Na kama hasemi, watasema nilimufunga mudomo."

Siku ya shauri hakukuwa na mkalimani wa Kiswahili, nikaapishwa mimi. Chumba kilikuwa ofisi ya kawaida, meza na viti vinne, dirisha likitazama maegesho ya magari. Kamishna alikuwa mzee wa Kizulu mwenye miwani mizito. Madamu Nirmala alikaa pembeni na faili lake. Agathe alibaki kwenye benchi la korido, na pakiti ya mandazi aliyomkaangia mtoto.

Kamishna alimsalimu Mireille kwa upole, akamwambia kwamba hapa hana kosa, kwamba chumba hiki ni chake, kwamba anaweza kusema lolote au kutosema. Akamwuliza kama anakula vizuri. Kama analala vizuri. Kama angependa kubaki anapokaa.

Mireille aliinamisha kichwa.

"Niangalie, mwanangu," alisema kamishna. "Usiogope."

Nilitafsiri, naye akazidi kuinama, mpaka kidevu kikagusa kola ya sare ya shule. Dakika zilipita. Kamishna aliandika kitu, akamtupia jicho Madamu Nirmala. "Mtoto huyu ameambiwa anyamaze," alisema. "Tupumzike dakika kumi."

Nilitoka hadi koridoni. Sikuruhusiwa kueleza ya mle ndani, na sikueleza. Lakini Agathe alinitazama mara moja tu.

"Hasemi," alisema yeye.

Alifunga na kufungua ile pakiti ya mandazi. Nilijua anachokipima: mtoto akinyamaza atampoteza, na akisema huenda akampoteza pia.

"Munamuweka namna gani? Uso kwa uso na ule muzee?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Mais non! Kumuangalia mukubwa machoni ni kumutukana, mama yake alimufundisha vizuri. Ule hasemaka na macho. Anasemaka na kisogo. Mambo yake yote aliniambia nikiwa namusuka, shangazi yake, njia, yote. Mumugeuze kiti." Aliifunga pakiti. "Na kama ni ile ya ubao, aseme tu. Ni yake."

Kumwambia hakimu namna ya kufanya kazi yake si jambo jepesi kwa mtu kama mimi. Nilisema kwa sauti ndogo mno, akaniomba nirudie. Niliporudia, alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Hata kwetu," alisema, "mtoto hamkodolei macho mkubwa. Bibi yangu angenichapa. Nimekaa kwenye kiti hiki mpaka nimesahau."

Akainuka mwenyewe, akakigeuza kiti cha Mireille kikatazama dirishani, kisha akarudi akaketi nyuma yake, kimya. Mimi nilisimama kando ya mtoto, nami nikitazama magari.

Ilichukua muda. Gari jekundu lilirudi nyuma, likatoka. Ndipo Mireille akaanza kusema, kwa Kiswahili chake cha kambini Kigoma.

"Nataka kubaki kwa Mama Agathe. Anakoroma, lakini nataka."

Nikatafsiri yote, na kukoroma pia.

"Lakini shuleni waandike Ninahazwe. Kwetu kila mtoto ana jina lake, hata mimi na mama hatuna jina moja. Mama akinitafuta atauliza Ninahazwe. Akisoma Nabintu, atapita." Alikwangua rangi ya dirisha kwa ukucha. "Na nataka kusoma ule ubao."

"Umemwambia Mama Agathe haya?" aliuliza kamishna.

"Hapana."

"Anakukatalia kusema?"

"Hapana. Atalia."

Mzee aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza Mireille kama anamruhusu amwambie Mama Agathe haya yote, na mtoto akasema mwambie, bado akitazama nje.

Agathe aliitwa ndani. Alisimama ameshika pakiti yake kwa mikono miwili. Kamishna alisema amri inaongezwa miaka miwili mingine. Jina la mtoto lirudishwe shuleni kama alivyopewa na mama yake. Na mlezi amwache mtoto atafute watu wake, amsaidie kama anaweza. Nilitafsiri polepole.

"Alisema anabaki?" Agathe aliniuliza, kana kwamba mengine yalikuwa upepo.

"Alisema anabaki. Alisema unakoroma, lakini anabaki."

"Mheshimiwa," alimwambia kamishna, machozi yakimtoka bila sauti, "ile ya kukoroma, muliandika?"

Jumatatu tulikwenda shuleni wote watatu. Mama wa ofisi alifungua rejista, akashika kalamu, akauliza kama alivyouliza miaka miwili nyuma: mama wa mtoto ni nani?

Agathe alikuwa amejifunza Kiingereza cha siku hiyo njia nzima. Hata hivyo kwanza aliweka mkono kisogoni mwa Mireille.

"Goreth Nizigama," alisema. "Miye ni mlezi."

Jumapili iliyofuata niliwaona mbele ya ubao, baada ya misa. Miwani ya Agathe ilikuwa imevunjika, kwa hiyo aliyesoma ni Mireille, jina baada ya jina, kwa sauti. Agathe alisimama nyuma yake, kidole chake kikishuka kwenye karatasi kulinda mstari usirukwe. Walifika chini. Jina halikuwepo.

"Anza tena pale juu," alisema Agathe. "Ulisoma mbio."