Lango la Boma Lililopotea

Asubuhi hiyo niliamka Nakuru, nikafunga blanketi langu kwa kamba, nikatoka. Sikuwa na mahali pa kwenda. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, kabla Hali ya Hatari haijafunga barabara, na mtu mwenye miguu aliweza kuamka tu na kuifuata njia. Shule niliiacha mapema. Udadisi ndio uliokataa kuniacha.

Lori la kabichi lilinishusha Kariandusi, penye machimbo ya udongo mweupe. Kando ya barabara ilisimama pikapu, na Mhindi mmoja, fundi wa magari, akaniita.

"Wewe kijana! Iko nguvu ya kuchimba?"

"Kuchimba nini?"

"Boma."

Nikacheka. Mimi nilijua boma huingiwa, halichimbwi. Lakini mama aliyeketi ndani ya pikapu, amejitanda shuka nyeupe, hakucheka. Alikuwa Mnubi wa Gilgil, jirani ya fundi. Baba yake alikuwa askari katika boma la kwanza la serikali upande ule, siku za misafara ya punda. Alikufa kwa homa, akazikwa nje ya lango, upande wa kulia wa mtu anayetoka. Reli ilipopita, boma likahamwa, mawe yakabebwa, ua wa seng'enge ukaachwa, majani yakafunika. Mama alizaliwa mwaka huohuo. Hakuwahi kumwona baba yake, na mama yake mzazi alikuwa amefariki juzijuzi akimwomba jambo moja tu: amfikishie baba yake salamu kaburini.

"Sasa nimfikishie wapi?" akaniuliza, kama kwamba mimi ningejua.

Fundi alikuwa na mashine ya jeshi, ile iliyotumika vitani kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Ilikuwa na mti mrefu, sahani chini yake, na vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Penye chuma ililia. Betri yake ilikuwa kuukuu, na nyingine haikupatikana. Ikizimika, basi.

Tulipanda mpaka kwenye uwanda wa vichaka vya leleshwa, mahali ambapo mama yake marehemu alisema ziwa Elmenteita huonekana katikati ya vilima viwili. Nikavaa vile vikombe, nikaanza kutembea. Mara mashine ikalia! Tukachimba. Udongo mtupu. Ikalia tena, tukachimba tena. Mashimo yakaongezeka, na kila shimo uso wa mama ulizidi kushuka. Sauti nayo ilianza kufifia.

"Hii nchi yote iko chuma?" fundi akafoka.

Nikasimama juu ya mwamba mtupu ili nipumzike. Mashine ikalia palepale juu ya jiwe. Nikainua mguu mmoja, sauti ikapungua. Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa akala, viatu vyetu vya mpira wa gari, na fundi wa viatu alikuwa amezipigilia misumari kila upande. Saa zote hizo nilikuwa nikijitafuta mwenyewe.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Ati baba yangu yumo ndani ya viatu vyako?"

Nikazivua, nikazitupa mbali. Nikaingia peku kwenye miiba, nikiisogeza ile sahani polepole. Kimya. Kimya. Halafu ikaja sauti nyembamba, kama mbu, na haikukatika. Niliifuata nayo ikaenda mbele yangu, imenyooka. Tulichimba kidogo, tukatoa kipande cha seng'enge iliyooza, ikavunjika mkononi kama mkate mkavu. Pale palipokuwa na majani na swala tu, niliusikia ukuta ukitembea chini ya ardhi.

Kisha sauti ikakoma. Nikapiga hatua, kimya. Nyingine, kimya, upana wa punda mwenye mizigo. Mbele yake sauti ikaanza tena.

"Betri imekufa," fundi akasema.

"Hapana. Inasikika hapa, na hapa. Katikati ndipo hakuna kitu."

Mama alielewa kabla yetu. Alipita katika ule uwazi kama mtu anayetoka nyumbani, ziwa likimetameta mbele yake, akageukia kulia. Palikuwa na mawe machache yaliyozama, yamepangwa kwa urefu wa mtu. Akavua viatu. Akasema "Assalamu alaikum, baba" kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akataja jina la mama yake na kusema anamsalimu. Fundi akavua kofia. Mimi sikuwa na cha kuvua tena.

Machweo tulifika Gilgil, mji ambao sikuwahi kuukanyaga. Nilidhani wataniacha stesheni. Mama akanitazama miguu, damu na vumbi.

"Unalala kwa nani?"

"Bado sijui, mama."

"Basi sasa unajua." Alinikalisha kwenye kigoda, akaleta sindano na maji ya moto, akaanza kunitoa miiba, mmoja mmoja. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa chumba cha uani. Akala zangu alikuwa ameziokota kule vichakani, akazipanga nje ya mlango.

"Hizo zilale huko," alisema. "Zimeshapiga kelele za kutosha."