Kitambaa Kwenye Kiganja cha Dada

Nimerudi kijijini kwetu Rugera wiki hii kukata migomba iliyonyauka, na utomvu umenirukia mkononi. Unajua ulivyo, rafiki yangu: hutoka kama maji, ukanata, ukikauka ukawa mweusi. Nilisimama nikiutazama, nikamkumbuka dada.

Ilikuwa siku moja kabla ya kipaimara chake. Jiko lilinukia maharage na samli, nasi wawili tulikuwa tukimenya ndizi za wageni. Kisu kikamteleza, kikampasua kiganja. Bibi hakushtuka. Kwetu jeraha lilitibiwa kwa utomvu wa mgomba, tena uliokingwa papo hapo. Kwa hiyo kila ulipokauka alifungua kitambaa alichomfunga kiganjani, akapangusa damu iliyoganda, akanituma kibanjani, kwenye migomba yetu, nikalete mwingine. Nilikwenda mara nne. Niliporudi mara ya nne, kitenge cha dada kilikuwa kimelowa mpaka magotini na midomo yake imekuwa ya kijivu.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliingia kuazima sufuria.

"Shikamoo, mama. Huyu ana nini?"

"Marahaba. Kajikata asubuhi. Tunambadilishia dawa."

"Tangu asubuhi? Mama, chungu mnachofunua kila saa kitaiva lini?" Akanigeukia. "Wewe mwenye mbio, njoo ubane hapa. Ukichungulia nitakuchapa."

Nikabana. Dada akaninong'oneza kwamba nina kucha chafu, nisije kuligusa gauni lake la kesho. Tulipakiwa kwenye bodaboda mpaka hospitali ya mjini Kayanga. Njiani vidole vyangu vilikufa ganzi, nikawa sijui kama bado nimebana, lakini sikuchungulia. Pale hospitalini damu ilisimama. Daktari akasema damu ya dada huchelewa kuganda, ndivyo alivyozaliwa.

Miaka miwili baadaye mwalimu wa sayansi alituchorea ubaoni. Mshipa ukikatika hujikaza. Chembe sahani, vijichembe vidogo vya damu, hukimbilia penye tundu, zikashikana. Kisha protini za damu hufuma nyuzi, nyuzi zikanasa chembe nyekundu, pakazibika. Nilinakili mchoro wote. Nikaelewa kwamba siku ile bibi alikuwa akifumua kila kilichoanza kufumwa, mara nne, kwa mapenzi yake yote. Sikumwambia. Alikufa akiamini utomvu ndio uliomponya mjukuu wake.

Dada alifariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Nilisimuliwa kwamba wakunga walijitahidi, damu ikakataa kuganda. Nilikuwa mbali, masomoni. Nilipofika msibani walinipa kisu, nikakaa na wanawake wengine kumenya ndizi. Wao walilia. Mimi nilimaliza fungu langu, nikaomba jingine.

Nyumba ya bibi imebaki msingi, na nusu ya kibanja ni magugu. Ukiniuliza damu inavyoganda, nitakueleza hatua kwa hatua bila kukosea. Sauti ya dada ilikuwaje, hilo usiniulize. Nimejaribu tangu asubuhi, haiji.