Mkwe Asiyeleta Ng'ombe

Lieven, Mbelgiji wa Aalst, alikuja Kongo kupigana kwa mshahara, na kazi hiyo aliimudu. Miaka mitatu aliteka miji na kuiacha bila kuuliza sana ni ya nani. Mwaka 1967, jeshi la serikali lilipowaelemea yeye na wenzake mjini Bukavu, njia ikawa moja tu: daraja la Ruzizi, waingie Rwanda. Hakubabaika. Aliwasha jipu akapanda mlimani kumchukua mkewe Nsimire na binti yao Namwezi, wa miezi minane.

Baba yake Nsimire, mzee Bahizire, alikuwa mlangoni akinywa pombe ya ndizi kwa mrija.

"Wee Livini, unapeleka wapi watu wangu?"

"Ni mke wangu, baba. Na mtoto ni wangu."

"Kwa ng'ombe gani?"

Lieven akamkumbusha baiskeli, redio na kreti nne za bia.

"Bia tulikunywa, asante. Redio nayo inasema sana, ila sijaona ikizaa. Mtoto ambaye ng'ombe wa mahari ya mama yake hajaletwa ni wa babu yake."

Lieven akaigusa bunduki. Nsimire, mtoto mgongoni, akamtazama usoni.

"Ukinitoa kwa hiyo, nitakuwa mateka wako. Na mateka wako nimeona walivyoishia."

Mteka miji akashindwa na mlango mmoja wa nyasi. Alivuka daraja bila mke wala mtoto, analia mbele ya wenzake, na mimi nasema alistahili kulia.

Kwao Aalst alifanya kazi kiwandani miaka miwili. Kisha akarudi Rwanda, akanunua mtamba sokoni, akamswaga kwa miguu hadi darajani, bila bunduki. Alijua askari wakimtambua watamfunga. Alivuka hivyo hivyo, moyo juu.

Bahizire alimzunguka mtamba, akamfunua meno, akampapasa tumbo.

"Ana mimba?"

"Miezi mitano, baba."

"Basi umekua." Akamvuta Namwezi kutoka nyuma ya sketi ya mama yake, akampa kamba. "Shika, mjukuu wangu. Leo una baba."

Nsimire akacheka huku anafuta machozi. Lieven akachuchumaa, na mtoto akamkaribia hatua kwa hatua. Mzee akamwinamia mkwewe sikioni.

"Ng'ombe wa binti yangu nimempokea. Wa wale uliowaua, nani atawapelekea?"

Lieven akambeba mwanawe, akamkumbatia sana.