Mama Alikubali Picha

Mama hajawahi kuugua magoti. Nalisema hili kwanza, maana baadaye hata mimi nilianza kulitilia shaka.

Tunaishi Rubondo, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tangu tulipotoka Burundi. Maharage yetu huyanunua mfanyabiashara mmoja wa Mbarara tunayemwita Hajji, mtu wa adabu, hapakii gunia kabla ya kumjulia mama hali. Siku moja alimkuta shambani na jembe begani, akatoa simu.

"Mama, cheka kidogo, mimi napiga picha."

Mama akacheka. Kwake yeye, mnunuzi akikupiga picha amekuheshimu, na alitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Baadaye nilikwenda Mbarara, nikaingia dukani kwa Hajji, nikamkuta mama ukutani kwenye bango, mkubwa kuliko mlango. Chini yake chupa ya mafuta ya kuchua magoti, na maandishi: "Nilikuwa siwezi kutembea. Sasa nalima."

Nilisimama pale kama mjinga. Jembe ni lake, kitenge ni chake, kicheko ni chake. Maneno je?

"Hajji, mama hajawahi kuumwa magoti."

"Dada yangu, sheria inataka mutu akubali picha. Mama alikubali."

"Alikubali picha. Hayo maneno hakuyasema."

"Biashara matangazo," akasema, wala hakuwa na ubaya. "Na hii dawa inasaidia watu, wallahi. Sasa mimi nakosea wapi?"

Hasira ilinipanda. Picha ilikuwa ya kweli. Ruhusa aliipata. Uongo ulipitia mlango gani? Nikamwambia tu aishushe. Akaishusha, akaikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili, na hapo akanichanganya zaidi. Heri angegoma, tukagombana.

Njiani nilianza kumkumbuka mama akiinuka na kushika kiuno. Au huwa anachechemea, nami sijawahi kumwangalia?

Nyumbani nilimsomea yale maneno. Hakukasirika. Akaligusa lile bango, akauliza, "Jirani yetu aliiona hii afishi?"

Aliiona. Jirani ndiye mwenye magoti yaliyovimba kweli, na tangu alipotoka Mbarara na chupa ya Hajji hakwenda tena kliniki. Sisi tulidhani amepata nafuu.

Tukaenda kwake jioni ile ile. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, ananuka mafuta. Alifurahi kumwona mama.

"Karibu, dada. Niko napaka, kama wewe. Siku moja na mimi nitalima."

Mama alibaki amesimama. "Dada, mimi magoti hayajaniuma hata siku moja."

Jirani alimtazama miguu, kisha uso.

"Sasa ulikuwa unachekea nini?"

Mama akanigeukia nimsaidie. Mimi niliyekuwa na maneno mengi dukani nilitazama chini, afishi iko kwapani.