Maji Maangavu ya Likwata

Kudra hupima maji mkoani Lindi, na wenzake humwona mpole. Huyachuja maji kwa karatasi maalumu, huikausha, huipima uzito. Uzito ulioongezeka ndio tope. Yaliyopenya huyachemsha mpaka yakauke. Kinachosalia ndicho kilichokuwa kimeyeyuka ndani. Ni kazi ya subira, na subira alifunzwa na chuki.

Kwao ni Sudi, kijiji cha pwani. Mama yake, Batuli, aliuza maji ya kisima chake: yalikuwa na weupe wa udongo, lakini matamu. Jirani yao, Likwata, akachimba cha kwake karibu na mikoko, yakatoka maangavu. Akapita barazani na bilauri mkononi.

"Ya Mama Tope mnakunywa au mnakandikia nyumba?"

Watu wakacheka, wateja wakahama. Batuli alizikwa na jina hilo.

Kisima cha Likwata kiliingiliwa na bahari kidogo kidogo, ndimi za watu zikaizoea chumvi. Mwaka huu aliomba kibali cha kusambaza maji kijiji kizima. Kudra alipokuja kuchukua sampuli, aliona shabu imetiwa tangini, tope lizame. Likwata hakujua kwamba shabu haizamishi chumvi. Kudra hakumwambia.

Majibu aliyapata Lindi. Simu moja ingetosha kumjulisha Likwata. Alisubiri mpaka Likwata achinje mbuzi na kualika watu kushangilia kibali alichokitarajia, ndipo akaja na jiko la mkaa na kikaango.

Alichuja kwanza mbele yao. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Kama kanzu ya Idi!" Likwata akashangilia.

"Subiri, mzee."

Akayamimina kwenye kikaango yale yaliyochujwa. Yakachemka, yakapungua, yakakauka. Kikaangoni ukabaki ukoko mweupe.

"Onjeni."

Hafsa, muuza maandazi, alilamba kidole akatema. "Yarabi! Haya ni ya kukaushia samaki wa ng'onda! Ndiyo maana maharage yangu hayaivi!"

Kicheko kikapasuka. Likwata akamvuta Kudra pembeni.

"Mwanangu, nisitiri. Sema kipimo kimekosea."

"Mama yangu ulimsitiri?"

"Amekwisha kufa, Mungu amrehemu."

"Amina. Wewe u hai bado. Ndiyo raha yenyewe."

Mzee akainamisha kichwa. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kudra akawageukia watu.

"Maji ya Mzee Likwata hayafai kunywewa. Kibali hakuna."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya walioketi nyuma.