Nepi Kwenye Slaidi za Bodi

Ofisini walimwita Mama Nembo, na jina likamkaa kama gauni la kupimiwa. Alikuwa akiandaa slaidi za idara zote za shirika lile la maji, na hakuna kilichomkera kama slaidi zisizofanana: hii ya kijani, ile ya zambarau, nembo hapa imenenepa, pale imekonda kama mgonjwa.

Ndiyo maana alitengeneza slaidi mama. Watazamaji hawaioni, lakini ndiyo inayowalea wanawe: ukiisogeza nembo kwa mama, imesogea kwa watoto wote. Kila mkuu wa idara alipelekewa kiolezo chenye slaidi hiyo na kuombwa ajaze humo humo.

Siku ya kikao cha bodi, moyo wa Mama Nembo ulikuwa kwingine. Mdogo wake, aliyengoja mtoto hadi watu wakaacha kumuuliza, alikuwa anatoka hospitali adhuhuri na kitoto chake cha kwanza. Dada mtu alikuwa ameahidi kuwapokea nyumbani, mlangoni.

"Tuzijaribu kwanza ukumbini na wakuu wa idara, kabla bodi haijaingia," mkurugenzi alimwambia. "Zikifanana, nenda kambebe mtoto. Zisipofanana, mama, utabaki nasi uzinyooshe."

Asubuhi hiyo aliunganisha kazi za idara zote, akafungua slaidi mama ili aisogeze nembo kidogo. Mara simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, akitaja vitu vya mtoto vilivyopungua. Sasa, Mama Nembo alikuwa na tabia moja: jambo la nyumbani huliandika popote palipo wazi mbele yake, kisha hulifuta baadaye. Aliandika. Halafu mkurugenzi akaita, na kufuta kukasahaulika.

Ukumbini, slaidi ya kwanza ya mhandisi mkuu ikang'aa ukutani. Chini ya mchoro wa mabomba palisomeka: *Nepi. Beseni dogo. Kofia ya sufu.*

"Jamani, haya mabomba yanavuja kweli," mhandisi alisema. "Mpaka tumeyaagizia nepi!"

Watu wakaangua kicheko. Slaidi iliyofuata, nepi. Ya huduma kwa wateja, nepi na beseni. Mama Nembo akatamani meza immeze.

Zikaja za mhasibu, safi, bila hata kofia. Akasimama, kifua mbele. "Oneni watu wenye adabu zao! Kwangu hakuna nepi."

Mkurugenzi akageuka taratibu. "Kwa nini kwako hakuna?"

Mhasibu akakohoa. Wiki nzima alikuwa akiapa kwamba amefuata kiolezo. "Nembo niliibandika mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Rangi nilikisia kwa macho."

"Kumbe huyu ni mtoto wa jirani aliyeshonewa sare ya wanangu!" Mama Nembo alisema, na safari hii alicheka pamoja nao. Akafungua slaidi mama, akafuta maneno yake mara moja tu, na nepi zikatoweka kwenye slaidi zote. Ukumbi ukaguna kwa raha.

Zilibaki za mhasibu, na saa ya ukutani haikuwa na huruma. Mhasibu akavuta kiti karibu naye.

"Nionyeshe, dada. Nitazijaza mwenyewe, wewe una mgeni."

Akamwonyesha pa kuweka kichwa cha habari na pa kuweka hesabu. Mhasibu alipohamishia slaidi yake moja humo, nembo ikakaa yenyewe palepale ilipokaa kwa wengine. Akatabasamu kama aliyeona taa ikiwaka. Mkurugenzi akatazama slaidi, akatazama saa.

"Huyu ameshaelewa. Nenda, mama."

Alipofika mlangoni mhandisi akampigia kelele, "Beseni liwe dogo!" Na mwingine, "Kofia ya sufu, usisahau!" Dukani hakuhitaji kukumbuka chochote, ofisi nzima ilikuwa imemkaririshia.

Gari la hospitali lilipofika, alikuwa kizingitini, beseni kwapani. Akapokea kifurushi, akafunua kitambaa taratibu. Paji lile, masikio yale: mdogo wake kabisa.

"Huyu," alisema, akimvisha kofia, "hakubandikwa."